Ili Nani Akuone?



Leo tunawaandikia kutoka bara, Ifakara, bonde la Kilombero. Tuko watano. Wawili ni wazaliwa wa Unguja, tumefuata waume. Watatu ni wenyeji wa hapa hapa. Mpunga umeshaingia ndani, migongo imepumzika kidogo, na siku tatu kwa wiki baina ya Alasiri na Magharibi tunajifungia chumbani kwa mmoja wetu, tunajifunza baleti. Ndiyo, baleti ile ile mnayoijua, ya visigino kukutana na vidole kutazama nje. Hakuna mwalimu. Kuna simu, kuna kifurushi cha intaneti kinachoisha upesi, na kuna dirisha la kushika.

Mdogo wetu kuliko wote ni mwari. Ameshaposwa, mahari imeshapokelewa, anasubiri nikahi. Wiki mbili zilizopita shangazi wa bwana harusi alikuja nyumbani na mzigo wake wa mchele, akabisha hodi, mtoto akamfungulia na kumwambia, "Wamo ndani, wanacheza kizungu." Shangazi akakaa barazani akasubiri. Tulipotoka, jasho linatutoka na mitandio imekaa upande, akamtazama mwari wetu kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, unajifunza kucheza ili nani akuone?"

Siku tatu baadaye mshenga akaleta neno. Upande wa kiumeni unaomba mwari aache mchezo huo kabla ya nikahi.

Tumeona tujibu. Si kwa ukali, maana shangazi ni mtu mzima na heshima yake iko pale pale. Mchele wake pia tumeula. Tunalijibu swali, kwa sababu si lake peke yake. Tumelisikia Unguja, tumelisikia hapa, na tuna hakika wengi mnaosoma mmeulizwa hilo hilo mlipoanza kukimbia ufukweni alfajiri, mlipotaka kujifunza kuogelea, mliponunua kamba ya kuruka. Ili nani akuone?

Swali hili lina wenyewe wawili, na hawa wawili wangekutana wasingependana. Wa kwanza ni shangazi. Kwake, mwanamke wa heshima hatakiwi kuonekana akijinyoosha, kwa hiyo hana sababu ya kujinyoosha. Wa pili ni muuzaji wa vifurushi vya mabibi harusi: chai ya kukata tumbo, mkanda wa kubana kiuno, krimu ya kung'arisha, "siku kumi na nne tu uingie kwenye gauni". Huyu hamkatazi mwari kujishughulisha na mwili wake, anamhimiza usiku na mchana, lakini kwa sababu ile ile: kuna mtu atakutazama. Mmoja anasema hapana wa kukuona, basi kaa. Mwingine anasema yupo wa kukuona, basi kimbia. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mguu ni wa mwenye mguu.

Na sisi tunaulizana: mbona mwanamme hasikii swali hili? Vijana wa Ifakara wanacheza mpira kila jioni mpaka adhana, vifua wazi, njia nzima inawatazama. Hakuna shangazi anayewauliza wanacheza ili nani awaone. Wanaambiwa wanajenga afya.

Tuwaelezeni tunachokifanya humo ndani, maana "kucheza kizungu" kunaweza kumpeleka mtu mbali.

Tunafunga mlango kwa komeo. Pazia tunaongeza kanga mbili. Mkeka tunaukunja, kwa sababu unateleza juu ya saruji, na soksi tunavua kwa sababu hiyo hiyo. Dera nalo tunaliweka pembeni. Si kwa kujitia mambo: dera linaficha magoti, na katika baleti ukishindwa kuyaona magoti yako utayaumiza. Tunavaa suruali na fulana. Muziki hatuweki. Wawili kati yetu wanaona hapana, watatu hawakuwa na la kusema, basi tunahesabu kwa mdomo, moja mpaka nane, na tukifika nane tunarudi. Mmoja alitaka tuhesabu kwa tasbihi, tukamwambia ibada iachwe iwe ibada.

Kisha tunashika kizingiti cha dirisha. Wenyewe wazungu wana fimbo ndefu ukutani wanayoiita "baa". Jina hilo tuliliacha mlangoni. Kiti cha plastiki tulikijaribu siku ya kwanza kikaanguka na mtu wake. Dirisha halianguki.

Zoezi la kwanza linaitwa pliye, neno la Kifaransa lenye maana ya kukunja. Visigino vimekutana, vidole vimetazama nje kidogo, unakunja magoti taratibu huku mgongo umesimama kama umeegemea mlingoti. Magoti yafuate vidole; yakiingia ndani umekosea. Visigino visinyanyuke. Unashuka kwa hesabu nne, unapanda kwa hesabu nne. Ukilisoma ni upuuzi. Lifanye mara kumi na mbili bila kuharakisha, kisha utuandikie ukijua misuli ya mapaja yako iko wapi.

La pili linaitwa tandu, nasi tulicheka mpaka tukakaa chini, kwa sababu kwetu tandu ni mdudu na kila mtu hapa amewahi kumkuta kwenye kiatu. Mguu unateleza sakafuni kwenda mbele mpaka kidole gumba tu ndicho kinagusa, kisha unarudi kwa njia ile ile. Hauinuki. Unaifagia sakafu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba nyayo zetu, zilizokanyaga tope la mpunga tangu utotoni, hazijui kujikunja moja moja. Ni kama mkono uliofungwa plasta miaka thelathini.

Dakika ishirini na tano, basi. Miezi minne, na bado tuko dirishani.

Hayo ndiyo aliyoyasikia shangazi kutoka barazani: wanawake watano wakihesabu mpaka nane.

Sasa tumpe shangazi haki yake, kwa sababu kuna mahali amesema kweli. Baleti ilizaliwa kwa ajili ya macho. Ilianza kwenye majumba ya wakubwa wa Italia, ikahamia Ufaransa, na mfalme Louis XIV, aliyekuwa akicheza mwenyewe mbele ya watu wake, akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi mwaka 1661. Yule aliyemfundisha mfalme, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kwa kupanga zile namna tano za kusimama tunazozifuata hata sisi dirishani. Ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake wa kazi hiyo hawakupanda jukwaa la Paris mpaka mwaka 1681. Na walipopanda, baada ya muda sketi zikafupishwa ili miguu ionekane. Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza *La Sylphide* kwenye ncha za vidole, na tangu hapo dunia ikataka mwanamke awe mwepesi kama unyoya, mwembamba, asiyegusa ardhi. Wasichana wengi wameumia na kujinyima chakula kwa ajili ya picha hiyo. Kwa hiyo shangazi akisema jukwaa lile si letu, tunamwambia ni kweli, na hatulitaki.

Lakini ondoa jukwaa. Ondoa taa, sketi ya neti, tiketi na mtazamaji. Kinachobaki ni dirisha, mgongo, goti linalofuata kidole. Hicho kilichobaki ndicho kazi wanayoifanya wachezaji wenyewe kila asubuhi kabla hajaja mtu wa kuwatazama. Hicho ndicho tumekichukua.

Na hata jukwaani, wapo wenzetu waliokataa kuchagua baina ya dini na mguu. Stephanie Kurlow wa Sydney, aliyesilimu na familia yake akiwa mtoto, aliambiwa hakuna nafasi ya hijabu kwenye baleti, naye akaendelea na hijabu yake. Jirani hapa Nairobi, watoto wa Kibera wamejifunza baleti kwenye sakafu ya darasa la kawaida, madawati yamesogezwa ukutani. Na wale wenye shangazi Muscat, mnaijua Royal Opera House iliyofunguliwa kule mwaka 2011; baleti inaoneshwa humo, katika nchi ya Kiislamu, na hatujasikia paa limeanguka. Hatusemi hao ni hoja ya kisheria. Tunasema tu kwamba "kizungu" si jibu.

Tena kizungu! Tusimame hapo kidogo, mabibi harusi.

Gauni jeupe la harusi limetoka wapi? Bibi zetu Unguja hawakuolewa nalo. Lilishika umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na nguo nyeupe mwaka 1840. Leo biharusi asiyelivaa ataonekana kama amekosewa. Atalivaa, ataingia ukumbini kwa mwendo aliofundishwa wiki nzima na wasimamizi wake, hatua mbili, simama, geuka. Mpiga picha ni mwanamme, wa video ni mwanamme, mshereheshaji ni mwanamme na kipaza sauti chake, na kabla ya usiku kwisha mwendo ule uko kwenye simu za watu ambao biharusi hatawajua maisha yake yote. Tumehudhuria harusi hizo, bara na visiwani. Mashangazi walikuwa mstari wa mbele wanapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza ili nani akuone, kwa sababu jibu lilikuwa: wote.

Wanawake watano wakifunga komeo, ndiyo fitina.

Ngoma ya wanawake waliofungiwa ndani si kitu kigeni kwetu. Nani asiyemjua Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013? Dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwa wanawake wa Unguja alikuwa mtu wa unyago, mwenye kuketi na mwari mlango umefungwa. Lelemama walicheza mama zetu wa pwani kwa utulivu mkubwa, mwili umedhibitiwa, mikono na mabega ndiyo yanasema; atakayeiangalia kwa makini ataona kwamba ugumu wake uko kwenye kujizuia, na huo ndio ugumu wa baleti. Hapa bonde la Kilombero, Wapogoro na jirani zao nao walimweka mwari ndani, akafundwa na wanawake wazima. Sangula tunaisikia mpaka leo kwenye sherehe. Wenyeji watatu kati yetu walipoanza pliye, nyonga zao zilikuwa zinajua mambo ambayo sisi wa Unguja tulihangaika nayo mwezi mzima. Mmoja akasema, "Hii mbona bibi alinifundisha, ila yeye alikuwa haniambii ninyooshe shingo."

Tofauti ni moja, nasi tutaisema ingawa masomo na makungwi watatununia. Somo anamfundisha mwari mwili wake kwa siku chache, kwa ajili ya mume, halafu mlango unafungwa na mafunzo yamekwisha. Akishazaa wawili, akishainama shambani misimu kumi, hakuna somo wa kurudi kumuuliza mgongo unaendeleaje. Hatuyadharau mafunzo hayo. Tunauliza kwa nini yana mwisho.

Kuhusu dini, hatutajifanya mashekhe. Wanazuoni wametofautiana katika suala la kucheza: wapo waliolichukia, wapo walioruhusu wanawake kwa wanawake, pasiwe na wanaume, pasiwe na stara iliyovunjwa wala jambo la haramu ndani yake. Tulimwendea mwalimu wetu wa darsa, mwanamke, tukamweleza kila kitu mpaka suruali. Aliuliza mlango unafungwa? Unafungwa. Kuna muziki? Hakuna. Mnapiga picha? Hapana. Swala zinachelewa? Hazichelewi. Akasema basi hayo ni mazoezi, na akatukumbusha habari mnayoijua nyote, ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, kushindana mbio na Mtume, rehema na amani zimfikie: mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, na baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, akashinda Mtume. Mwili ulibadilika, na mchezo haukuachwa. Darsa zetu huisimulia habari hiyo kama hadithi tamu ya mke na mume. Ni tamu. Lakini ndani yake kuna mwanamke aliyekuwa akikimbia.

Kuhusu picha tuna ukali zaidi ya mwalimu. Anayeingia na simu anaiweka kwenye beseni mlangoni, isipokuwa ile moja tunayofuatia somo, nayo inalazwa kifudifudi tukishamaliza kutazama. Msiojali jambo hili, jalini. Mlango wa komeo hauna maana kama kuna kamera chumbani.

Tunarudi kwa muuzaji wa vifurushi, maana shangazi angalau ana haya.

Biharusi unayesoma, usianze baleti kwa ajili ya gauni. Tunakwambia wazi usije ukatulaumu. Wiki tatu za pliye hazitakupunguza tumbo, na anayekuahidi hivyo anataka pesa yako. Ukianza, anza kwa sababu utaishi na mwili huo miaka baada ya ukumbi kufagiliwa. Singo endelea nalo. Singo ni raha, linanukia, na halijawahi kumdanganya mtu kwamba litamfanya mtu mwingine. Krimu na mikanda tupa.

Usilazimishe vidole kutazama nje kama picha za kwenye mtandao. Kule kutazama nje kunatoka kwenye nyonga. Ukikulazimisha kwa nyayo, goti ndilo litakalolipa. Sisi watano hakuna anayefika mstari mnyoofu, na hatutafika, tumeanza wakubwa. Usiruke kwenye saruji. Wao huruka kwenye sakafu za mbao zilizoinuliwa kidogo zipate kunesa. Saruji yetu hainesi, na mifupa ya miguu ya mbele itakuambia. Vile viatu vya kusimama kwenye ncha za vidole usiviagize kabisa. Vinavaliwa baada ya miaka ya mafunzo chini ya jicho la mwalimu. Ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni, muulize kwanza mkunga wako. Na Ramadhani sisi tulipunguza, dakika kumi baada ya tarawehe, kwa aliyeweza.

Mkubwa wetu ana miaka hamsini na mbili. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa akiswali juu ya kiti. Hatudai kwamba baleti ni dawa. Hospitali ndiyo ilimwangalia goti na kumwambia alitumie taratibu badala ya kulilaza. Yeye alichagua kulitumia dirishani pamoja na sisi. Misimu zaidi ya thelathini ameinama mpungani, kupalilia, kuvuna kwa mundu, kubeba. Hiyo miinamo yote hakuna aliyemuuliza ili nani akuone, ingawa shamba halina pazia. Mwezi uliopita alishuka sijda kwenye mkeka na akanyanyuka kwa mkono mmoja kwenye ukuta. Hakusema kitu. Alikunja mswala wake akaenda kuchemsha chai, na sisi tukajifanya hatukuona kwa sababu tulijua tukizungumza tutalia.

Mwari wetu alikuwepo siku hiyo.

Neno la mshenga lilipofika, hatukumwambia aendelee wala aache. Ndoa ni yake, ukwe ni wake. Mama yake alisema, "Acha tu mwanangu, utaanza tena ukishazoeleka." Mkubwa wetu akasema, "Ukiacha sasa hutaanza tena, mimi nakuambia." Basi mwari akaomba azungumze na mchumba mwenyewe, kaka yake akiwepo. Akamweleza: dirisha, komeo, kuhesabu mpaka nane. Kijana akauliza kama kuna wanaume. Hakuna. Akauliza kama inauma. Akamwambia mapaja, mwanzoni. Akanyamaza, akasema atazungumza na shangazi yake.

Mpaka tunaandika haya jibu halijarudi. Nikahi iko baada ya wiki tano. Jumanne mwari amekuja kama kawaida, kaweka simu kwenye beseni, kakunja mkeka, na hinna ya majaribio ilikuwa bado mbichi mkononi, kwa hiyo alishika dirisha kwa kiwiko.